Mteremko Ambao Haujazinduliwa

Nchi yetu ina jina, tena zuri, ila siruhusiwi kulitaja. La zamani lilifutwa mwaka jana kwa sababu lilikuwa limechoka, na jipya limo ndani ya bahasha likisubiri kuzinduliwa. Kwa hiyo kwa sasa sisi ni nchi tu. Tukiulizwa tunatoka wapi, tunanyoosha kidole.

Msishangae. Kwetu kitu hakipo mpaka kizinduliwe. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Vitu Visivyozinduliwa, kifungu cha kwanza. Kifungu cha pili kinasema atakayekitumia kitu kabla hakijakatiwa utepe atafungwa miaka sita. Daraja likikamilika tunalisifia huku tukivuka mto kwa kuogelea pembeni yake. Kisima kikichimbwa tunakizungushia kamba na kuendelea kuchota dimbwini. Mwenye mamlaka ya kukata utepe ni mmoja tu, Mkuu wa Nchi, naye tunamwita Mgeni Rasmi kwa sababu hatujawahi kumwona akiwa kitu kingine.

Mimi naitwa Tindwa Makorongo, Afisa Mkuu wa Utepe, mwaka wa thelathini na moja kazini. Wenye wivu husema kazi yangu ni ndogo. Waambieni washike utepe uliolegea mbele ya mabalozi, upepo unavuma, ndipo watajua ukubwa wake. Nayasimulia haya kwa moyo mweupe, maana mengi yamesemwa kuhusu yaliyoukuta mji wa Chumvini, na waliosema sana ni wale ambao siku hiyo walikuwa ng'ambo wakipimwa macho.

* * *

Yalianza pale wataalamu wa Wizara walipovua barafu kutoka chini ya bahari. Si barafu ya kutia kwenye juisi. Hii hukaa kilindini, ndani ya udongo wa mteremko, penye baridi kali na uzito mkubwa wa maji, na imebana gesi ndani yake. Ukiitoa juu ukaiwashia kiberiti, inawaka.

Aliyenieleza haya ni Dokta Mwanakheri Shomvi, mjuzi wa miamba, mwanamke mfupi asiye na subira, anayevaa buti hata harusini.

"Mzee Tindwa, debe moja la barafu hii likiyeyuka linatoa madebe mia na sitini ya gesi."

"Debe moja linaenea kwenye sinia?" nikamuuliza, kwa kuwa kila mtu na fani yake.

Alinitazama kwanza. "Linaenea. Lakini halikai. Likipata joto linayeyuka, gesi inakwenda zake."

"Hapo hakuna tatizo. Sherehe ni saa tatu asubuhi."

Nilisema hivyo kwa nia njema kabisa.

Saa tatu kamili chombo kikafunguliwa, barafu ikawekwa kwenye sinia la shaba, na sisi tukasimama wima. Mgeni Rasmi alifika saa tisa alasiri. Kuanzia saa tatu na robo tulikuwa tumesimama wima mbele ya sinia la maji. Waziri wetu, Mheshimiwa Balozi Profesa Injinia Kilangila, Waziri wa Nishati, Vilindi na Mambo Yaliyofichika, hakutikisika. Alimtuma dereva wake soko la samaki, likaja bonge la barafu lenye magamba ya changu, likamwagiwa lita mbili za mafuta ya taa.

"Itifaki imezingatiwa," Waziri akaanza, kisha akaitaja itifaki yote kwa muda wa dakika arobaini. "Mtukufu Mgeni Rasmi, wenzetu waliendelea kwa mvuke, wengine kwa makaa. Sisi tutaendelea kwa barafu. Historia itatuuliza tulikuwa wapi siku zote. Tutaijibu kwamba tulikuwa tunakungoja wewe!"

Mgeni Rasmi akakata utepe, akawasha, likawaka vizuri sana. Akakunja pua kidogo, akauliza hiyo harufu ni ya nini.

"Ndiyo gesi yenyewe, Mtukufu. Imelala na samaki miaka milioni moja."

Makofi yalipigwa mpaka mikono ikawasha. Dokta Mwanakheri hakupiga, na kuna kijana wa usalama aliyeliandika hilo.

* * *

Ikaja kampuni ya wageni yenye jina refu, ikaegesha meli yake mbele ya mji wa Chumvini, kisima chake cha kwanza cha gesi kikakatiwa utepe, ikaanza kusukuma maji ya moto kilindini ili barafu iachie gesi. Chumvini ni mji wa wachimba chumvi, watu elfu nne mia moja na kumi na wawili, na uko chini mno. Ukimwaga maji mlangoni yanakaa hapo hapo, hayajui yaende wapi.

Baada ya mwezi mmoja bahari ikaanza kutoa mapovu. Akina mama wakagundua kwamba ukiwasha kiberiti juu ya mapovu unapata moto wa kuchemshia chai, ingawa ni chai ya haraka na nyusi hazibaki. Samaki wakaelea matumbo juu. Waziri alitangaza redioni kwamba bahari inashangilia maendeleo. Dokta Mwanakheri akaandika barua kwamba gesi inayotoroka inaipasha dunia joto kupita moshi wa jiko, mara nyingi sana. Akajibiwa kwa maandishi kwamba joto hilo ni mali ya taifa na litagawiwa mikoa yote bila upendeleo.

Lakini lililomkosesha raha lilikuwa jingine. Barafu ile ndiyo iliyoushika udongo wa chini ya bahari usimomonyoke. Ukiiyeyusha, unakuwa umefungua vifungo vya shati, na mteremko mzima unaweza kuporomoka kwa mara moja. Udongo ukiporomoka, maji yanainuka. Yakiinuka yanatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni Chumvini.

Jumatatu asubuhi akaingia kwa Waziri na karatasi zake za vipimo. Mimi nilikuwepo, nampimia Waziri utepe wa mlango mpya wa choo chake.

"Mheshimiwa, mteremko umeanza kusogea. Wiki iliyopita ulisogea shubiri moja kwa siku. Jana umesogea hatua tatu."

Waziri akaweka miwani. "Mteremko huo umeshazinduliwa?"

"Mteremko?"

"Naona hapa kwenye daftari la vitu vilivyozinduliwa haumo. Sasa kama haujazinduliwa, dokta, unateremka kwa idhini ya nani?"

"Mheshimiwa, una siku mbili. Tatu ukiwa na bahati. Watu wa Chumvini watolewe, au angalau ving'ora vipigwe."

Ving'ora vilikuwepo. Vilikuwa kumi na moja, juu ya nguzo, vimefungwa nailoni kwa miaka minne vikingoja utepe.

Waziri alifikiri kwa uzalendo. "Hoja yako ni nzito na Serikali ni sikivu. Tutakuwa na Uzinduzi wa Hatari. Alhamisi ya wiki ijayo Mgeni Rasmi ana nafasi. Tutazindua hatari na ving'ora kwa pamoja, wananchi waanze kuogopa siku hiyo hiyo. Na fulana zichapwe."

"Wiki ijayo watakuwa wamekufa."

"Haraka haraka haina baraka," alisema Waziri, akaitia sahihi tarehe.

Dokta alitoka akitetemeka. Nilidhani ni kikohozi. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa analia, na nikaona aibu, ijapokuwa wizarani kwetu aibu haina fungu.

* * *

Kesho yake nilikwenda Chumvini kupima nguzo za ving'ora. Nikamkuta Dokta Mwanakheri kwenye mashamba ya chumvi, amesimama mbele ya shangazi yake, Bi Msimu, mama wa miaka sabini mwenye mikono iliyoliwa na chumvi. Ndiye aliyemlea. Wachimba chumvi wengine walikuwa wamewazunguka.

"Shangazi, nakuapia, nimeviona vipimo mwenyewe. Ondokeni leo."

"Mwanangu, nani kasema sikuamini?" Bi Msimu akajibu, huku akikwangua chumvi. "Ila sisi tulishaondolewa. Mwaka ule wa kimbunga walikuja na magari, wakasema tokeni, upepo unakuja. Tukatoka. Upepo haukuja. Tuliporudi tukakuta upande wote wa kaskazini umepigwa vigingi, ni viwanja vya wakubwa. Mume wangu... marehemu mjomba wako alikwenda kudai, ukaona alivyorudi."

"Safari hii ni kweli."

"Hata ule mwaka walisema ni kweli."

"Hatutoki!" akadakia mzee mmoja nyuma. "Mtu akitoka hapa ndio basi."

"Kuna siku moja tu mji huu unabaki mtupu," Bi Msimu akasema, sasa akicheka kidogo, "siku anayokuja Mgeni Rasmi. Siku hiyo mjumbe anaita majina. Usipokuwepo, leseni ya chumvi huna. Hata mgonjwa anabebwa na kitanda chake."

Dokta aliinua macho akakitazama kilima kilicho nyuma ya mji. Kisha akageuka taratibu akanitazama, mimi na utepe wangu. Nikajua nimekwisha.

Tulikaa kwenye gari langu na akanieleza anachotaka. Nikamwambia haiwezekani, nina mke, nina miaka miwili nistaafu. Nikamtajia vifungu. Alisikiliza vyote.

"Mzee Tindwa, miaka thelathini na moja umeandaa sherehe. Umewahi kuona kitu chochote hapa nchini kikifika kwa wakati?"

"Hata kimoja."

"Hiki kitafika kwa wakati."

Nawaambieni, vipimo sikuvielewa, wala mambo ya gesi. Lakini hapo niliogopa.

Nikafungua mkoba na kutoa Fomu Namba Nne. Kuandaa sherehe si kosa kisheria, kosa ni kukata utepe. Penye "kitu kinachozinduliwa" nikaandika: Kilima cha Ngao. Kilima hicho kiko nyuma ya Chumvini, kimekaa hapo tangu kuumbwa kwa dunia bila kuzinduliwa, jambo ambalo ukilifikiria ni fedheha kwa taifa. Nikagonga muhuri wangu. Gari la matangazo likapita mitaani: kesho Jumatano, saa moja asubuhi, Mgeni Rasmi atakizindua rasmi Kilima cha Ngao, kutakuwa na fulana, kanga na pilau, wote mnaombwa bila kukosa.

* * *

Walikuja wote. Walikuja na vitanda, na wazazi wao mgongoni, na mbuzi waliovalishwa rangi za taifa. Mjumbe akaita majina, wakatimia elfu nne mia moja na kumi na wawili. Nilikuwa nimefunga utepe kati ya miti miwili, wa hariri, na ingawa ilikuwa sherehe ya uongo sikuweza kuufunga vibaya.

Wakangoja. Hapa lazima niwasifu wananchi wetu. Hakuna taifa duniani linalojua kungoja kama sisi. Saa nne walikuwa wanaimba. Saa sita waliimba tena zile zile. Pilau halikuwepo, na kila aliyeniuliza nilimwambia linapaliwa makaa. Dokta Mwanakheri alikaa pembeni na kisanduku chake cha vipimo, na kila nilipomtazama alitikisa kichwa.

Saa nane mawingu yakatanda. Bi Msimu akasimama.

"Chumvi yangu iko wazi," akasema. "Mvua hii ikinyesha, kazi ya miezi miwili inakwenda na maji. Nashuka mara moja kuifunika."

Dokta akamshika kanga. "Shangazi, nakuomba. Kaa kidogo tu."

"Niachie nguo, Mwanakheri."

"Kidogo tu."

Bi Msimu akamtazama usoni. Mtu aliyekulea huwezi kumficha uso. "Huyu Mgeni anakuja au haji?"

Nilimwombea Dokta aseme uongo. Sisi wizarani tungeusema bila kumeza mate. Yeye alishindwa.

"Haji, Shangazi. Nimewaiteni mimi."

Maneno hayo yalisambaa kilimani kabla hajafunga mdomo. Watu wakaanza kuinuka, wakikung'uta nguo, wengine wakitukana, na waliotukanwa tulikuwa wawili. Bi Msimu alikuwa ameshaanza kushuka. Nyuma yake watu mia, kisha mia tatu.

Sikufikiri. Nikanyakua kipaza sauti, nikapaza kwa ile sauti ya kazini: "Mabibi na mabwana, msafara umeonekana! Wananchi, simama!"

Miguu yao ilitii kabla ya akili. Mia tatu walioshuka wakageuka, wakapanda mbio, wakasimama kwenye mistari, mikono ubavuni. Hata waliokuwa wakinitukana walisimama, midomo bado imeachama. Bi Msimu peke yake aliendelea kushuka, na Dokta akamkimbilia na buti zake.

Hapo bahari ikarudi nyuma. Ilijivuta, ikaacha matope na samaki wakirukaruka na meli ya kampuni imelala ubavu. Ikakaa huko kwa muda wa mtu kusoma salamu za mkuu wa mkoa. Kisha ikaja.

Haikuja kwa urefu, ilikuja kwa uzito, ya rangi ya udongo, na haikusimama. Niliwaona wale wawili chini, Dokta akimvuta shangazi yake kwa mikono miwili, maji yakiwafika kiunoni, kisha sikuwaona, kisha nikawaona wameshikilia mti wa mwisho. Juu kilimani watu walikuwa bado wamesimama wima, kama tulivyowafundisha kumpokea mgeni, na mji wao ulipita mbele yao paa baada ya paa. Nguzo za ving'ora zilikwenda kumi na moja zote, na nailoni zake.

Mjumbe alifungua daftari akaita majina upya, na kila jina liliitikia, hata la Bi Msimu, kutoka kwenye ule mti wa chini. Nililia mbele za watu nikiwa na sare.

* * *

Waziri alifika Ijumaa kwa helikopta, amevaa gambuti mpya. Akatazama chini palipokuwa na Chumvini.

"Nimeambiwa kuna uvumi wa wimbi," akasema. "Wimbi halimo kwenye daftari. Kwa hiyo mji wenu, kwa mujibu wa sheria, uko pale pale. Ila nawaona ninyi mmehama bila kibali."

Mimi nikasimamishwa kazi papo hapo, na Dokta Mwanakheri akashtakiwa kwa kuokoa watu kabla ya tarehe. Tungekuwa tumeshahukumiwa, ila mahakama mpya haijakatiwa utepe.

"Mheshimiwa," Dokta akasema, mkono wake umefungwa kwa kitambaa, "nusu tu ya mteremko ndiyo iliyoporomoka. Nusu ya pili imebaki inaning'inia. Wakianza kuchemsha tena, wimbi lijalo litafika hapa tulipo na huko nyuma mpaka mjini kwenu."

"Ndiyo maana tunabadilisha ratiba. Uzinduzi wa Hatari umefutwa, umeshaleta hofu. Alhamisi hiyo hiyo Mgeni Rasmi atazindua kisima cha pili cha gesi, pale chini, na meli mpya imeshafika. Saa moja asubuhi wote muwe mmeshuka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Helikopta ilipoondoka, Bi Msimu aliniita. Alikuwa amekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa, mguu umevimba. Hakuwa amenisamehe ule uongo, lakini alikuwa na swali.

"Mzee wa Utepe, hivi tusipokwenda inakuwaje?"

Miaka thelathini na moja, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Ilibidi nitoe kitabu. Kifungu cha saba: uzinduzi hufanyika mbele ya hadhara, na hadhara ni wananchi wa mahali husika. Bila hadhara hakuna uzinduzi. Na kisichozinduliwa hakitumiki, miaka sita, hata kama mtumiaji ni kampuni yenye jina refu. Nikasoma mara mbili, nikamsomea na yeye.

"Basi," akasema Bi Msimu.

Alhamisi Mgeni Rasmi alifika saa tisa alasiri. Tulimwona vizuri kutoka juu, mwavuli mweupe, kiti chekundu kwenye matope, bendi, mabalozi, na mbele yake viti elfu nne mia moja na kumi na viwili visivyo na mtu. Waziri alichukua kipaza sauti akatuita kwa majina ya upendo. Akatutajia fulana. Akatutajia kanga. Kisha wakafunua masufuria, na safari hii pilau lilikuwepo.

Nasema kweli, lilikuwa pilau la haja. Harufu ilipanda kilima chote, na sisi tulikuwa na siku nane tunakula mihogo ya kuomba. Watoto walianza kulia. Mwanamume mmoja mstari wa mbele, niliyemjua kuwa na watoto sita, akasimama, akakaza mkanda, akatazama chini. Hakuna aliyemwambia kitu. Dokta Mwanakheri alikuwa ameziba uso kwa mikono. Yule bwana alisimama muda mrefu, kisha akakaa, akampakata mwanawe wa mwisho.

Bahari ilianza kujaa. Maji yalifika kwenye kile kiti chekundu, Mgeni Rasmi akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Alitazama saa yake. Ilipofika magharibi wakamkunjia mwavuli, msafara ukaondoka, na ile meli mpya ikabaki huko mbele imezima mitambo, maana hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuiwasha.

"Watarudi kesho, Shangazi," Dokta akasema. "Na keshokutwa. Tutafanya nini?"

Bi Msimu alikuwa anajaribu kulala. Akavuta kanga mpaka begani.

"Tutakaa hapa hapa. Kungoja tunajua, mwanangu. Wametufundisha wenyewe."